Niboye, Kigali: jinsi mtaa wa mlimani unavyoweza kujikinga na mafuriko, maporomoko na dharura

Mvua inayonyesha Kigali haikai pale inapoanguka. Jiji limejengwa juu ya vilima, na maji yasiyonywewa na ardhi wala kukingwa na tangi huteremka kwa jirani wa chini, kisha bondeni. Katika Niboye, mojawapo ya sekta za Wilaya ya Kicukiro, jambo hilo la kawaida ndilo kiini cha suala zima la kujikinga na maafa: usalama wa nyumba moja hutegemea kwa kiasi kikubwa kinachofanywa na nyumba iliyo juu yake.

Makala haya yanaeleza hatari za asili zinazoikabili Rwanda na mji wake mkuu, namna jamii za mitaa kama Niboye zilivyopangwa ili kukabiliana nazo, na mahali ambapo uwezo wa wananchi unakoma na wajibu wa mamlaka unaanza.

Niboye iko wapi?

Jiji la Kigali limegawanywa katika wilaya tatu: Nyarugenge, Gasabo na Kicukiro. Kicukiro, iliyo kusini mashariki mwa jiji, ina sekta 10, na Niboye ni mojawapo. Sekta hiyo ina seli tatu, yaani Gatare, Niboye na Nyakabanda, na kila seli ina vijiji vyake. Neno "kijiji", au umudugudu kwa Kinyarwanda, hutumika hata mjini kwa maana ya mtaa mdogo wenye uongozi wake.

Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022, Kigali ilikuwa na wakazi zaidi ya milioni 1.7, kutoka takriban milioni 1.1 mwaka 2012. Kicukiro pekee ilikuwa na zaidi ya watu 490,000. Ongezeko hilo linaonekana kwa macho: mashamba na vichaka vya mitelemko vimegeuka kuwa nyumba, nyua za saruji na barabara za mawe au lami. Ardhi iliyokuwa ikinywa maji sasa inayatiririsha.

Rwanda ina misimu miwili ya mvua. Umuhindo huanza Septemba hadi Desemba, na itumba huanza Machi hadi Mei. Kipindi kinachotiwa wasiwasi zaidi ni mwisho wa itumba, mwezi Aprili na Mei, kwa sababu wakati huo udongo umekwisha kushiba maji ya wiki nyingi. Mvua ambayo mwezi Machi ingepita bila madhara inaweza kubomoa ukuta mwezi Mei.

Hatari zipi zinaikabili Rwanda?

Mwaka 2015, serikali ya Rwanda ilichapisha atlasi ya kitaifa ya hatari za maafa. Atlasi hiyo ilichunguza hatari tano: ukame, mafuriko, maporomoko ya ardhi, matetemeko ya ardhi na upepo mkali.

Kila moja ya hatari hizo ina sehemu yake. Ukame huathiri zaidi nyanda za mashariki. Matetemeko hutokea zaidi magharibi, kwenye ukanda wa bonde la ufa. Tetemeko la Februari 2008 liliua watu zaidi ya 30 upande wa Rwanda, katika eneo la Rusizi, karibu na mji wa Bukavu wa Kongo. Maporomoko hukumba hasa milima ya magharibi na kaskazini.

Maafa mabaya zaidi ya miaka ya karibuni yalitokea usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023. Mvua kubwa iliyonyesha katika mikoa ya Magharibi, Kaskazini na Kusini ilisababisha mafuriko na maporomoko yaliyoua zaidi ya watu 130. Katika Wilaya ya Rubavu, Mto Sebeya ulivunja kingo zake. Maji na matope yaliwafikia watu usiku, wakiwa majumbani mwao. Siku moja baadaye, ng'ambo ya Ziwa Kivu, mafuriko katika eneo la Kalehe, mashariki mwa Kongo, yaliua zaidi ya watu 400.

Radi nayo ni hatari isiyopaswa kudharauliwa. Tarehe 10 Machi 2018, radi ilipiga kanisa katika Wilaya ya Nyaruguru, kusini mwa Rwanda, wakati waumini wakiwa ibadani. Watu wasiopungua 15 walifariki na makumi ya wengine kujeruhiwa.

Niboye haiko kwenye milima mirefu ya magharibi, wala haipakani na mto mkali kama Sebeya. Hata hivyo, mambo matatu yaliyoua watu Mei 2023 yapo pia mjini Kigali, ingawa kwa kipimo kidogo: mteremko, maji mengi kwa muda mfupi, na nyumba zilizojengwa mahali ambapo maji hupita.

Paa moja, lita elfu tatu

Ili kuelewa mafuriko ya mjini, ni vyema kuanza na hesabu ya paa. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba huwa lita moja ya maji. Nyumba yenye paa la mita za mraba 80, ikinyeshewa mvua ya milimita 40 katika alasiri moja, hupokea lita 3,200. Nyumba 20 za ukubwa huo hutoa lita 64,000, na hapo bado hazijahesabiwa nyua na barabara.

Maji hayo yakiachwa yateremke pamoja, huchimba njia za miguu, hufukua misingi ya nyumba na kujaza mitaro. Mitaro ikiziba kwa udongo na chupa za plastiki, maji hutafuta njia nyingine, na mara nyingi njia hiyo ni ua wa mtu. Hatimaye huishia katika ruhurura, jina ambalo wakazi wa Kigali huuita mfereji mkubwa au korongo linalopokea maji ya mlima mzima.

Kutoka huko, maji ya Kigali huenda katika mabonde, kisha katika mfumo wa mito ya Nyabugogo na Nyabarongo, na mwishowe hufika Ziwa Victoria kupitia Mto Akagera. Kwa hiyo uchafu unaotupwa mtaroni Kicukiro una safari ndefu.

Njia rahisi ya kupunguza mzigo huo ni kuyazuia maji pale pale yanapoanguka. Tangi la lita 5,000 linaweza kuyapokea maji yote ya mvua iliyotajwa hapo juu, kwa sharti moja ambalo husahaulika: liwe na nafasi kabla mvua haijaanza. Tangi lililojaa halimlindi mtu yeyote. Kaya inayotumia maji yake kwa kufulia, kuosha vyombo na kumwagilia bustani kila siku huokoa fedha za bili, na wakati huo huo humlinda jirani wa chini.

Wasio na uwezo wa kununua tangi wanaweza kuchimba shimo lililojazwa mawe ili maji yanyonywe polepole na ardhi. Lakini shimo hilo halifai kila mahali. Likichimbwa karibu na msingi wa nyumba, au juu ya mteremko mkali, huulowesha udongo ambao ungepaswa kubaki mkavu, na hatari huongezeka badala ya kupungua.

Mteremko unapoachia

Udongo wa mlimani hushikiliwa na uzito wake, mizizi ya mimea na msuguano kati ya chembe zake. Maji yakijaa ndani yake, huongeza uzito na kupunguza msuguano huo. Ndipo mteremko uliosimama kwa miaka mingi huachia ghafla.

Ujenzi unaweza kuharakisha jambo hilo. Mtu anayejenga mlimani hukata upande wa juu wa kiwanja ili apate tambarare, kisha humwaga udongo huo upande wa chini. Matokeo yake ni ukuta wa udongo uliosimama wima nyuma ya nyumba, na kifusi kisichoshindiliwa mbele yake. Vyote viwili ni dhaifu.

Ukuta wa mawe wa kuzuia udongo husaidia, ila lazima uwe na matundu ya kutolea maji. Ukuta usio na matundu hugeuka kuwa bwawa: maji hujikusanya nyuma yake hadi unaposhindwa kuyazuia. Nyumba za matofali mabichi, ambayo nchini Rwanda huitwa rukarakara, zinahitaji msingi wa mawe ulioinuka na paa lenye upenu mrefu, kwa kuwa tofali bichi likilowa chini hupoteza nguvu ya kubeba ukuta.

Dalili za hatari hujulikana. Nyufa mpya kwenye ardhi au ukutani, milango na madirisha yaliyoanza kukwama, miti au nguzo zilizoinama, na maji ya tope yanayobubujika mahali ambapo hapakuwa na chemchemi, ni ishara za kuondoka ndani ya nyumba mara moja na kutoa taarifa kwa uongozi wa kijiji.

Kutoka wizarani hadi isibo

Rwanda ilianzisha wizara maalumu ya kushughulikia maafa na wakimbizi mwaka 2010. Leo wizara inayosimamia dharura inajulikana kwa kifupi kama MINEMA. Chini yake kuna kamati za kudhibiti maafa katika wilaya na sekta, ambazo hukutanisha viongozi wa utawala, polisi, watumishi wa afya na wadau wengine.

Hata hivyo, ngazi yenye uzito zaidi katika saa ya kwanza ya maafa ni ile ya chini kabisa. Kijiji hugawanywa katika makundi madogo ya kaya jirani yanayoitwa isibo, kila moja likiwa na kiongozi wake, mutwarasibo. Huyu ndiye anayejua ni nyumba gani ina mzee asiyeweza kutembea, ni mama gani amejifungua wiki iliyopita, na ni mpangaji gani hurudi kazini usiku wa manane. Hakuna ramani ya wizara yenye habari hizo.

Umuhimu wa mtandao huo ulionekana katika dharura ya namna nyingine. Tarehe 27 Septemba 2024, Rwanda ilitangaza mlipuko wa virusi vya Marburg. Watu 66 waliambukizwa na 15 wakafariki, wengi wa walioambukizwa wakiwa wahudumu wa afya, kabla ya mlipuko kutangazwa kumalizika tarehe 20 Desemba mwaka huo. Kufuatilia waliokutana na wagonjwa ni kazi inayohitaji kuwajua watu kwa majina na makazi yao. Washauri wa afya wa jamii, ambao ni watu wa kujitolea wanaochaguliwa na majirani zao, ni sehemu ya msingi wa mfumo wa afya wa nchi hiyo.

Fundisho ni kwamba mtaa hauhitaji mfumo mmoja wa mafuriko na mwingine wa maradhi. Orodha ya kaya, namba za simu na mahali pa kukutania ni zile zile.

Umuganda unaweza nini, na haiwezi nini?

Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya kijamii inayowahusu kisheria wakazi wenye umri wa miaka 18 hadi 65. Asubuhi hiyo wananchi huzibua mitaro, hupanda miti, hukarabati njia na kusaidia ujenzi wa nyumba za wasiojiweza. Kazi ikiisha, hufuata mkutano wa kujadili mambo ya mtaa.

Kwa upande wa kujikinga na maafa, mkutano huo una thamani sawa na kazi yenyewe. Hapo ndipo mkazi wa chini anaweza kumwambia wa juu, mbele ya majirani, kwamba bomba lake la maji limeelekezwa kwenye ukuta wake. Mgogoro wa aina hiyo ukisuluhishwa Februari, hauwi msiba Aprili.

Lakini umuganda una mpaka wake. Majembe na makoleo yanaweza kuzibua mtaro. Hayawezi kujenga ruhurura ya zege wala kupanua kalavati chini ya barabara kuu. Mfereji uliosanifiwa kwa ajili ya mlima wenye nyumba chache hauwezi kutosha mlima uliojaa mapaa, hata ukizibuliwa kila siku. Kazi hiyo inahitaji wahandisi, bajeti na usimamizi wa vibali vya ujenzi, mambo yaliyo mikononi mwa jiji na serikali.

Katika mabonde, kazi hiyo imekuwa ikifanyika. Viwanda vilivyokuwa katika bonde oevu la Gikondo vilihamishwa ili kulirejesha katika hali yake. Mpango wa kurejesha maeneo oevu ya jiji umehusisha Gikondo, Rwampara, Rugenge-Rwintare, Kibumba na Nyabugogo. Mwaka 2022 ilifunguliwa Bustani ya Nyandungu, eneo oevu la takriban hekta 120 kati ya wilaya za Gasabo na Kicukiro, ambalo sasa ni mahali pa matembezi. Bonde oevu hufanya kazi kama sifongo: hupokea maji kwa haraka na kuyaachilia taratibu. Lakini sifongo hilo haliwezi kumsaidia anayeishi katikati ya mteremko, ambako maji hupita kabla ya kufika bondeni.

Tahadhari inayoeleweka

Mwezi Machi 2022, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa António Guterres alitangaza lengo la kuhakikisha kila mtu duniani analindwa na mifumo ya tahadhari ya mapema kufikia mwaka 2027. Nchini Rwanda, utabiri hutolewa na mamlaka ya hali ya hewa, Meteo Rwanda, kwa siku, kwa vipindi vya siku kumi na kwa msimu.

Utabiri peke yake si tahadhari. Kusema kwamba milimita 50 zitanyesha ni taarifa kwa mtaalamu. Kwa mkazi wa Niboye, tahadhari kamili hujibu maswali manne: nini kinakuja, wapi, lini, na afanye nini. Kazi ya uongozi wa mtaa ni kutafsiri milimita hizo: kwamba ruhurura fulani itajaa, kwamba watoto wasipite njia ile wakitoka shuleni, kwamba kaya fulani zilale kwa jamaa usiku huo.

Ujumbe unapaswa kupita katika njia zaidi ya moja. Simu huishiwa chaji, na umeme hukatika wakati wa dhoruba. Redio ya betri, vipaza sauti na mtu wa kugonga mlango bado vina nafasi yake, hasa kwa wazee, viziwi na wahamiaji wapya.

Swali gumu la kuhama

Kuna mahali ambapo hakuna tangi wala ukuta utakaotosha, na jibu pekee ni kuondoka. Hapo ndipo ustahimilivu huacha kuwa suala la mitaro na kuwa suala la riziki.

Familia inayoishi kwenye mteremko wa hatari mara nyingi imechagua mahali hapo kwa sababu ni nafuu na ni karibu na kazi. Kuihamisha mbali huiokoa na maporomoko, lakini huenda kukaitenga na soko, wateja na shule. Mwenye nyumba huuliza juu ya fidia. Mpangaji hana hata cha kufidiwa, ingawa ndiye aliyelala ndani. Na mwenye uamuzi wa kuweka tangi au kujenga ukuta si yeye, bali mwenye nyumba ambaye pengine anaishi kwingine.

Kigali inalijua swali hilo. Wakazi wa Kangondo na Kibiraro, makazi ya msongamano katika eneo la Nyarutarama wilayani Gasabo, walihamishiwa katika majengo ya Busanza, huko huko Kicukiro. Sababu zilihusu hali ya makazi na pia mpango wa kuliendeleza eneo hilo. Baadhi ya wenye nyumba walitaka fidia ya fedha badala ya makazi mapya, na mvutano ukafika mahakamani kabla ya waliobaki kuondolewa mwaka 2022.

Tukio hilo linaonyesha kwamba uhamisho hufanikiwa pale watu wanapoaminishwa mapema, wakajua wanakokwenda na wataishije huko. Anayehamishwa bila kuridhika anaweza kurudi, au kukataa agizo linalofuata, hata pale hatari ikiwa ya kweli na ya usiku ule ule.

Kaya inaweza kufanya nini kabla ya mvua?

Hatua zifuatazo hazihitaji fedha nyingi, na nyingi zinaweza kukamilika kabla ya msimu kuanza:

• Kuzibua mtaro wa mbele ya nyumba na kutotupa taka ndani yake.
• Kufunga paa kwa nguvu kwenye kuta kwa waya au vyuma, kwa kuwa upepo hulianza paa lililolegea pembeni.
• Kuelekeza maji ya paa kwenye tangi au mtaro, kamwe si kwenye ukuta wa jirani.
• Kuacha nyasi na miti kwenye mteremko, badala ya kulima hadi ukingoni.
• Kuweka vitambulisho, hati za ardhi na kadi za bima ya afya ndani ya mfuko usiopenya maji.
• Kukubaliana mahali pa kukutania, na nani atamsaidia mzee, mgonjwa au mlemavu.
• Radi inapopiga, kuingia ndani ya jengo imara, kuchomoa vifaa vya umeme, na kutojikinga chini ya mti. Aliyepigwa na radi hana umeme mwilini. Anaweza kuguswa na kupewa huduma ya kwanza mara moja.
• Kutovuka maji yanayokwenda kasi, kwa miguu wala kwa pikipiki.

Namba za dharura nchini Rwanda ni 112 kwa polisi, 111 kwa zimamoto na 912 kwa gari la wagonjwa.

Akiba pia ni kinga. Vikundi vya kuweka na kukopa, vinavyoitwa ibimina, huwawezesha majirani kununua mabati au tangi kwa zamu. Kikundi kinachotenga sehemu ya mfuko wake kwa ajili ya dharura humwezesha mwanachama aliyeezuliwa paa kuanza upya bila kuuza cherehani au pikipiki inayomlisha.

Wataalamu huuita ustahimilivu uwezo wa jamii kupata pigo, kubaki imesimama na kurejea katika maisha yake. Katika mtaa wa mlimani, uwezo huo hujengwa kwa mafungu mawili yasiyoweza kubadilishana. Fungu la kwanza ni la wakazi: paa, mtaro, tangi, na kumjua jirani. La pili ni la mamlaka: mifereji mikubwa, mipango ya ujenzi, tahadhari ya wakati na makazi mbadala yanayokalika. Fungu moja likikosekana, lingine hulemewa, na anayelipa ni yule aliyejenga chini kabisa.